Maji Yakiganda Hudai Nafasi: Namna ya Kuuandaa Mfumo wa Maji wa Karavani kwa Majira ya Baridi

UTANGULIZI

Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama vile Kanada, watu wengi humiliki karavani, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu inayokokotwa na gari. Ndani yake mna vitanda, jiko, choo, bafu, na mabomba ya maji baridi na maji moto. Wakati wa majira ya joto wenyewe hufunga safari na nyumba yao hiyo, wakapiga kambi kando ya maziwa na misitu. Ifikapo Oktoba safari hukoma. Karavani huegeshwa uani, ikakaa hapo bila moto wala mtu mpaka Aprili au Mei ya mwaka unaofuata.

Katika miezi hiyo halijoto ya nje hushuka chini ya kiwango cha kuganda kwa maji, ikabaki huko kwa majuma mengi mfululizo. Mjini Saskatoon, katika jimbo la Saskatchewan, ambako mwandishi wa makala haya aliishi miaka minne akisomea shahada ya udaktari, usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri si jambo la kustaajabisha. (Nyuzi zote katika makala haya ni za sentigredi, isipokuwa pale itakapoelezwa vingine.) Maji yoyote yaliyosahauliwa ndani ya mabomba ya karavani hayana budi kuganda, na yakiganda huweza kupasua koki ya shaba nyeupe, pampu, kiungo cha bomba, na hata tangi la chuma.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza kwa nini maji, ambayo mtoto mchanga huyachezea kwa kiganja, hupata nguvu ya kupasua chuma yanapoganda. Ya pili ni kueleza hatua zinazofuatwa ili karavani ilale salama majira yote ya baridi. Huenda msomaji akauliza: sisi ambao mabomba yetu hayagandi tuna haja gani na somo hili? Majibu ni mawili. Sheria za maumbile ni zile zile kila mahali, ingawa mazingira hutofautiana. Tena, kama tutakavyoona baadaye, dawa mojawapo itumikayo katika kazi hii ina ndugu yake mwenye sumu, ambaye amekwisha kuingia katika maduka na karakana zetu.

KOSA DOGO LA MWANAFUNZI

Naomba ruhusa ya msomaji nianze na kisa kilichonipata mwenyewe. Mnamo Oktoba 2009 mzee aliyenipangisha chumba, mwalimu mstaafu, aliniomba nimsaidie kutoa maji katika karavani yake kwa sababu mgongo ulikuwa ukimsumbua. "Wewe unasomea mambo ya joto," aliniambia, "kazi hii ni yako." Nilikubali kwa furaha, na kwa majivuno kidogo. Nilifungua kizibo cha tangi, nikafungua koki za jikoni na bafuni, nikangoja mpaka tone la mwisho lilipodondoka. Kisha nikamhakikishia mzee kwamba kazi imekwisha.

Mwezi wa Mei tuliunganisha mpira wa maji na karavani. Hazikupita dakika mbili, tukaona maji yakichuruzika kutoka chini ya ukuta. Tulipotafuta tulikuta, nyuma ya mlango mdogo upande wa nje, bafu ya manyunyu ya kuogea wanaotoka ziwani, yenye koki zake mbili. Sikujua kwamba ipo. Mwili wa koki moja ulikuwa na ufa usiozidi urefu wa ukucha wa kidole gumba. Walakini ufa huo mdogo ulikuwa umekwisha kulowesha mbao za ukuta na sakafu. Gharama ya matengenezo ilizidi posho yangu ya miezi miwili, na mzee hakunikubalia niilipe. Safari aliyoipanga na mkewe mwezi huo iliahirishwa mpaka Agosti.

Mzee hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Ulijua hesabu ya maji, lakini hukujua njia za maji." Neno hilo ndilo lililonifundisha, nami nitalifuata katika makala haya: kwanza hesabu, kisha njia.

HESABU YA MAJI

Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji nayo hufuata kanuni hiyo mpaka yafikie nyuzi 4 juu ya sifuri. Hapo ndipo yanapokuwa mazito kuliko wakati mwingine wowote kwa ujazo ule ule. Yakiendelea kupoa kutoka hapo huanza kutanuka kidogo kidogo. Na yanapogeuka barafu katika nyuzi 0 hutanuka ghafla kwa kiasi cha asilimia 9. Kwa maneno mengine, lita 10 za maji zikiganda hudai nafasi ya lita 10.9.

Sababu ya tabia hii imo katika umbo la molekuli ya maji, ambayo ni muungano wa atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Maji yakiwa kimiminika, molekuli husongamana na kupishana kama watu sokoni. Yakiganda, kila molekuli hushikana na jirani zake wanne kwa mpango maalumu. Mpango huo ni wa pembe sita, mfano wa sega la nyuki, na kama sega una uwazi mwingi katikati. Watu wale wale waliokuwa wakisukumana sokoni sasa wamenyoosha mikono na kushikana, kwa hiyo wanahitaji uwanja mkubwa zaidi.

Tabia hii ina manufaa yake. Kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji, huelea juu, na ziwa la nchi ya baridi huganda kuanzia juu huku samaki wakiendelea kuishi chini. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanaijua habari hii: usiku wa kuelekea kilele cha Kibo huwashauri wageni wao wabebe chupa za maji kichwa chini, ili barafu ikianza kuganda ifanyike upande wa kitako, na mdomo wa chupa ubaki wazi.

Lakini barafu ikikosa nafasi hutokea jambo jingine. Maji yaliyofungiwa ndani ya chombo kisichoachia hayawezi kuganda yote, kwa kuwa hayana pa kutanukia. Sehemu inayoganda huyasukuma maji yaliyobaki, na kanieneo, yaani kani inayosukuma kila kipande cha eneo, hupanda. Kwa nyuzi 5 chini ya sifuri kanieneo hiyo huweza kufikia karibu mara 600 ya kanieneo ya angahewa. Kwa nyuzi 10 chini ya sifuri huzidi mara 1,000, na kwa nyuzi 22 huzidi mara 2,000. Maji ya kawaida katika mabomba ya karavani huwa na kanieneo ya angahewa 3 hivi. Hapana koki wala kiungo kilichotengenezwa kustahimili mara mia kadhaa ya kiasi hicho.

Jambo hili lilijaribiwa zamani huko huko Kanada. Katika miaka ya 1784 na 1785 Meja Edward Williams, mwanajeshi wa mizinga wa Uingereza aliyekuwa mjini Quebec, alijaza maji katika makombora matupu ya chuma, akayaziba na kuyaacha nje usiku wa baridi. Katika baadhi ya majaribio yake kizibo kilifyatuka na kurushwa mbali. Kizibo kilipokataa kutoka, kombora lenyewe lilipasuka, na barafu ikachomoza katika ufa. Chuma kilichoundwa kubeba baruti kilishindwa na maji ya kunywa.

BOMBA HUPASUKIA WAPI?

Wengi hudhani kwamba bomba hupasuka pale pale barafu ilipo, kwa sababu barafu husukuma kuta kwa nje. Mara nyingi sivyo. Uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miaka ya 1990 juu ya mabomba ya nyumba ulionyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Barafu huanza mahali penye baridi kali, ikafanyika kama kizibo kinachojaza bomba lote. Kizibo hicho hurefuka kufuata bomba na kuyasukuma maji yaliyo mbele yake. Mbele wako wapi? Kwenye koki iliyofungwa. Maji yaliyonaswa kati ya kizibo cha barafu na koki hayana pa kwenda. Kanieneo yake hupanda mpaka sehemu iliyo dhaifu ipasuke, hata kama sehemu hiyo yenyewe haina barafu.

Kutokana na maelezo haya tunapata kanuni mbili. Ya kwanza: koki iliyo wazi ni usalama, kwa sababu huyaachia maji njia ya kutokea. Ya pili: koki iliyo wazi pekee haitoshi, kwa sababu kila mfumo una vifuko, kama vile ndani ya pampu, ndani ya chujio na katika mwili wa koki, ambamo maji kidogo hubaki na kuzingirwa na barafu pande zote. Mabomba ya plastiki ya siku hizi hunyumbuka kiasi na huweza kustahimili, ila viungo, koki, pampu na nyumba ya chujio havinyumbuki. Ndivyo vinavyopasuka.

NJIA ZA MAJI

Sasa na tuyafuate maji ndani ya karavani. Huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni tangi la maji safi, ambamo maji huvutwa na pampu ndogo ya umeme wa betri. Mlango wa pili ni kiungo cha nje kinachopokea mpira kutoka katika bomba la kambi. Njia hizo mbili hukutana, kisha hugawanyika tena. Tawi moja ni la maji baridi. La pili hupita kwanza katika tangi la kupashia maji moto, ambalo aghalabu huchukua lita 23 au 38. Matawi yote mawili huenda jikoni, bafuni, na bafu ya nje ikiwapo. Choo hupata tawi la maji baridi peke yake. Baada ya kutumika, maji hupitia kona ya bomba iliyo chini ya sinki, ambamo hubaki maji kidogo ya kuzuia harufu. Mwishowe huingia katika matangi mawili ya uchafu, moja la maji ya sinki na bafu, na jingine la choo.

Katika pampu na katika kiungo cha nje mna vali ya njia moja, ambayo huyaruhusu maji kwenda mbele na kuyazuia yasirudi. Kwa hiyo si kila maji yatashuka yenyewe kwa uzito wake tukifungua kizibo cha chini. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kama nilivyodanganyika mimi.

Vuli iliyofuata, mzee na mimi tuliketi na karatasi, tukachora ramani ya mfumo wote, tukaweka alama kwenye kila koki, kila vali na kila kona. Tulihesabu sehemu kumi na nne. Namshauri yeyote atakayekabidhiwa kazi ya namna hii, awe Saskatoon au penginepo, aanze na karatasi kabla ya spana.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya 1. Zima pampu na chombo cha kupashia maji moto, pamoja na gesi na umeme wake. Ngoja maji yapoe kabisa. Saa kadhaa huhitajika. Fungua koki moja ya maji moto ili kanieneo ishuke. Kizibo cha tangi la moto kisiguswe kabla ya hayo, kwa maana maji ya moto yakitoka kwa nguvu humwunguza mtu vibaya.

Hatua ya 2. Mwaga matangi ya uchafu mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, kisha uyasuuze.

Hatua ya 3. Fungua kizibo cha tangi la maji safi, vizibo vya mabomba vilivyo sehemu ya chini kabisa, na koki zote, za baridi na za moto, za ndani na za nje. Vuta choo. Washa pampu kwa sekunde chache mpaka isikike ikivuta hewa, kisha uizime.

Hatua ya 4. Toa kizibo cha tangi la maji moto na uliache litoke lote. Maji machache yatakayobaki chini ya usawa wa kizibo hayana madhara, kwa kuwa juu yake pana nafasi kubwa ya kutanukia. Katika matangi mengi ya chuma kizibo hubeba fito la magnesi lililowekwa ili kutu ile fito badala ya tangi. Likiwa limelika sana, libadilishwe.

Hatua ya 5. Ondoa chujio la maji na umwage maji ya nyumba yake. Chujio hulowa kama sifongo, na halifai kuachwa ndani.

Hatua ya 6. Ondoa maji yaliyobaki katika mabomba kwa hewa au kwa dawa, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Hatua ya 7. Mimina dawa ya kuzuia kuganda katika kila kona ya bomba chini ya sinki na bafu, pamoja na katika bakuli la choo. Hatua hii ni ya lazima kwa njia zote mbili.

Hatua ya 8. Andika karatasi isemayo "Maji yametolewa, usiwashe chombo cha maji moto" na uibandike mahali panapoonekana. Kuwasha moto chini ya tangi tupu huliharibu.

HEWA AU DAWA?

Njia ya kwanza ni kupuliza hewa kwa kompresa iliyounganishwa na kiungo cha nje. Kanieneo ya hewa isizidi angahewa 2 au 3, karibu sawa na ile ya tairi la gari dogo, la sivyo tutapasua kwa hewa kile tulichotaka kukiokoa na barafu. Koki zote hufungwa, kisha hufunguliwa moja baada ya moja mpaka itoke hewa pasipo matone. Kazi hii hurudiwa mara mbili au tatu, kwa sababu matone yaliyobaki kwenye kuta za bomba huteremka na kukusanyika upya. Matone machache katika bomba tupu hayadhuru, maana yana nafasi. Upungufu wa njia hii ni kwamba hewa hupita juu ya maji yaliyotuama katika vifuko, nayo haiifikii pampu barabara.

Njia ya pili ni kujaza mabomba kwa dawa isiyopasua, ambayo ni mchanganyiko wa maji na propilini glaikoli. Kwanza vali za tangi la maji moto hugeuzwa ili dawa ilipite kando. Bila hivyo tangi hilo lingemeza lita 23 au 38 za dawa bure. Kisha mpira wa kuvutia wa pampu hutumbukizwa katika dumu la dawa, pampu ikawashwa, na koki zikafunguliwa moja moja mpaka dawa itoke na rangi yake kamili. Rangi ya desturi ya dawa hii kule Marekani ya Kaskazini ni waridi. Kwa karavani ya kawaida lita 8 hadi 12 hutosha. Mwishowe dawa kidogo hupitishwa pia katika kiungo cha nje.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulisoma vibaya. Dumu la dawa huandikwa kwamba lina uwezo wa kufika nyuzi 50 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, yaani nyuzi 46 chini ya sifuri za sentigredi. Mtu hudhani kwamba dawa haitaganda mpaka hapo. Kwa kweli mchanganyiko wenye propilini glaikoli asilimia 30 huanza kutoa chembe za barafu karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri. Mbona basi haupasui bomba? Kwa sababu kinachoganda ni maji peke yake. Kila chembe ya barafu inayofanyika hupunguza maji na kuiacha glaikoli katika kimiminika kilichobaki. Kimiminika hicho huzidi ukali, na kiwango chake cha kuganda huzidi kushuka. Badala ya kizibo kigumu hupatikana uji wa barafu, na uji huweza kusogea. Maandishi ya dumu yanazungumzia kupasuka kwa bomba tu.

Kwa hiyo maji yaliyobaki bombani yasidharauliwe kwa kuwa dawa itafuata. Tukichanganya dawa hiyo na maji sawa kwa sawa, glaikoli hubaki asilimia 15 tu, na mchanganyiko huanza kuganda karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri. Uji unaofuata huwa mzito, na baridi ikizidi huweza kuwa mgumu wa kutosha kupasua. Maji hutolewa kwanza, ndipo dawa huingizwa.

NDUGU WAWILI WANAOFANANA

Kushuka kwa kiwango cha kuganda hutegemea idadi ya molekuli zilizoyeyushwa katika maji. Gramu 62 za ethilini glaikoli na gramu 76 za propilini glaikoli zina idadi sawa ya molekuli. Kila moja, ikitiwa katika kilo moja ya maji, hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 1.86. Ethilini glaikoli hufanya kazi ile ile kwa uzito mdogo zaidi, na ni rahisi kwa bei. Ndiyo sababu hutumika sana katika dawa ya kupozea injini za magari. Vimiminika hivi viwili havina rangi, ni vizito kidogo, na vyote ni vitamu. Kwa macho na ulimi hatuwezi kuvitofautisha.

Ndani ya mwili, hata hivyo, ndugu hawa hufuata njia tofauti kabisa. Propilini glaikoli huvunjwavunjwa na ini kuwa vitu ambavyo mwili umevizoea, na kiasi maalumu chake huruhusiwa katika vyakula na dawa. Ethilini glaikoli hugeuzwa asidi kadhaa, na ya mwisho ni asidi oksaliki. Asidi hiyo hukamata kalisi ya damu na kufanya fuwele zinazojikusanya katika mafigo. Mililita 100 hivi huweza kumwua mtu mzima; kwa mtoto, utamu wake ni mtego. Kwa hiyo dawa ya injini isitiwe kamwe katika mabomba ya maji ya kunywa, hata kwa nia ya kuyasuuza baadaye.

Ndugu wa tatu, diethilini glaikoli, ni sumu vile vile, na historia yake inatisha. Mwaka 1937 nchini Marekani dawa ya maji iliyoyeyushwa katika diethilini glaikoli iliwaua watu zaidi ya 100, na msiba huo ulichangia kupitishwa kwa sheria mpya ya vyakula na dawa mwaka 1938. Mwaka 2022 nchini Gambia zaidi ya watoto 60 walifariki, na dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo hivyo zilikutwa na diethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Kati ya misiba hiyo imepita miaka 85, na kosa ni lile lile: kutumia kitu kwa kufanana kwake badala ya kuhakikisha jina lake.

Hapa ndipo somo la karavani linapobisha hodi kwetu. Katika miji yetu madumu ya plastiki hayatupwi. Husuuzwa na kutumika tena kwa maji, mafuta ya taa au pombe. Dumu lililokuwa na dawa ya kupozea injini lisitumike kamwe kuwekea maji ya kunywa. Wala dawa hiyo isihifadhiwe katika chupa ya soda. Rangi nayo si ushahidi: dawa za injini hutiwa kijani, nyekundu au waridi kwa hiari ya mtengenezaji. Ushahidi ni jina lililoandikwa kwenye chombo chake cha asili. Na mtu akishukiwa kuinywa, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili, maana mwanzoni huweza kuonekana kama mlevi tu.

KUFUNGUA MAJI TENA

Majira ya joto yakirudi, vizibo na chujio jipya hurudishwa, na maji safi hupitishwa katika kila koki mpaka rangi na povu viishe. Kisha mfumo husafishwa kwa klorini. Klorini ya maji ya madukani yenye nguvu ya asilimia 5 ina miligramu 50 katika kila mililita. Hivyo mililita 1 kwa kila lita ya maji, yaani mililita 100 kwa tangi la lita 100, hutupatia miligramu 50 kwa lita. Maji hayo huachwa katika mabomba kwa saa 4, hutolewa, na mfumo husuuzwa mpaka harufu ipotee. Kipimo hiki ni cha kusafishia mabomba; si cha maji ya kunywa.

JARIBIO LA NYUMBANI

Msomaji mwenye jokofu la kugandisha anaweza kujihakikishia haya. Chukua chupa tatu za plastiki za nusu lita. Usitumie za kioo. Ya kwanza ijaze maji mpaka juu kabisa na uifunge. Ya pili ijaze robo tatu, uifunge, na uweke alama penye usawa wa maji. Katika ya tatu tia maji robo tatu yaliyochanganywa na vijiko vitatu vya chakula vya chumvi. Ziache usiku kucha. Asubuhi ya kwanza itakuwa imetuna, na pengine kifuniko kimefyatuka. Ya pili itakuwa salama, ila barafu imepanda juu ya alama. Ya tatu itakuwa uji unaoweza kutobolewa kwa kijiti. Chupa hizo tatu ni karavani nzima: koki iliyosahauliwa, tangi lenye nafasi, na bomba lenye dawa. Maji hayo ya chumvi lakini yasitiwe katika mabomba, kwani chumvi hula madini.

HITIMISHO

Tumeona kwamba maji yakiganda hudai nafasi ya asilimia 9, na yasipopewa huichukua kwa nguvu. Kazi yote ya kuandaa karavani kwa majira ya baridi ni kuyapa maji nafasi hiyo mapema, ama kwa kuyatoa, ama kwa kuyageuza yawe uji usiopasua. Na kufanya hivyo bila kuingiza sumu katika bomba ambalo mtoto atanywea kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi siku ile ya Mei tuliujenga kweli. Hesabu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kuzifuata njia zote, mpaka ule mlango mdogo wa nje.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Bomba lina lita 2 za maji. Yakiganda yote yatahitaji ujazo gani?

2. Eleza kwa nini bomba huweza kupasuka mahali pasipo na barafu.

3. Kwa nini lita chache zilizobaki katika tangi la maji moto hazidhuru, ilhali kijiko kimoja ndani ya koki iliyofungwa huweza kuipasua?

4. Fundi amekuletea dumu lenye kimiminika cha waridi akisema ni salama kwa mabomba ya maji ya kunywa. Utafanya nini kabla ya kulitumia?